Malka Zilizofungwa: Idadi ya Watu, Maji na Usalama katika Bonde la Mto Tana

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema sana masomoni na methali isemayo "Mgala muue na haki yake umpe." Hufunzwa maana yake, kwamba hata adui anastahili kutendewa haki, kisha husonga mbele kwa methali nyingine. Aghalabu hapati fursa ya kuuliza Mgala mwenyewe ni nani. Jina hilo, ambalo wanaoitwa hivyo hawalipendi na ambalo makala hii haitalitumia tena, ndilo watu wa pwani walilowabandika Waoromo waliosambaa kuelekea kusini hadi pwani ya Kenya katika karne ya 16 na 17. Baadhi ya wazao wao ni Waorma, wafugaji wa Kaunti ya Tana River. Methali tunayoitumia kupamba insha ni kumbukumbu ya uhasama halisi baina ya watu halisi, na pande hizo zingalipo, zikinywa maji ya mto ule ule.

Makala hii haidhamirii kuichambua methali hiyo. Inadhamiria kueleza suala ambalo hujadiliwa sana katika idara za jiografia na sayansi ya siasa, na kwa nadra katika majarida ya lugha: jinsi kuongezeka kwa watu na kupungua kwa maji, malisho na udongo wenye rutuba kunavyoweza kutikisa usalama wa taifa. Mfano utakaotumiwa ni bonde la chini la Mto Tana, ambako kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Hoja itakayojengwa ni kwamba uhaba peke yake hauui. Unaoua ni uhaba unaowakuta watu ambao njia zao za kupatana kuhusu rasilimali zimekwisha kubomolewa, na mara nyingi zimebomolewa na mtu asiyeishi karibu nao.

Hesabu na Hofu Yake

Hofu ya kwamba watu watazidi chakula ni kongwe. Mwaka 1798 Thomas Malthus, kasisi Mwingereza, aliandika kwamba idadi ya watu hukua kwa kuzidishwa ilhali chakula hukua kwa kujumlishwa, na kwamba pengo linalobaki huzibwa na njaa, maradhi na vita. Takriban miaka 200 baadaye, katika mwongo wa 1990, mwanazuoni wa Kanada Thomas Homer-Dixon aliuhuisha mjadala huo kwa kuuhusisha moja kwa moja na migogoro ya silaha. Kwa mujibu wake, uhaba wa mazingira una vyanzo vitatu: kuharibika kwa rasilimali, kuongezeka kwa wanaozihitaji, na mgao usio sawa. Chanzo hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika upesi zaidi na wale wanaopenda kumnukuu.

Takwimu za Kenya, zikisomwa kijuujuu, zinaweza kumfanya mtu amwamini Malthus bila kusita. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 10.9. Ya 1979 ilihesabu milioni 15.3, ya 1989 milioni 21.4, ya 1999 milioni 28.7, ya 2009 milioni 38.6, na ya 2019 milioni 47.6. Katika muda wa miaka 50, yaani maisha ya mtu asiyekuwa hata mzee, taifa limekua zaidi ya mara nne. Ardhi haikukua. Isitoshe, zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, hivi kwamba kilimo cha kutegemea mvua kimejibana katika sehemu ndogo iliyosalia.

Ni kweli kwamba kasi ya uzazi imepungua mno. Mwishoni mwa mwongo wa 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kupata watoto wanane kwa wastani, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4. Hata hivyo, watoto waliozaliwa katika miaka ile ya uzazi mwingi wamekuwa wazazi na hata babu na nyanya, kwa hivyo idadi huendelea kupanda hata pale ambapo kila familia inapungua. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban robo tatu ya Wakenya walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia katika majengo ya bunge mnamo Juni 25, 2024, takwimu hiyo ilipata sura na sauti. Lakini hilo ni somo la makala nyingine.

Linalotuhusu hapa ni kwamba wingi wa watu na umwagikaji wa damu haviendi sambamba jinsi tunavyodhani. Kaunti ya Vihiga, katika sensa ya 2019, ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita mraba. Mashamba huko yamegawanywa baina ya wana hadi yakawa vipande vya kutosha nyumba na migomba michache. Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika eneo la takriban kilomita mraba 38,000, yaani watu wanane tu kwa kila kilomita mraba. Lau msongamano wa watu ungekuwa ndio unaozaa vita, basi mtu angetazamia vijiji viteketezwe Vihiga na Tana River ilale kwa amani. Mwaka 2012 ilikuwa kinyume. Swali la makala hii linaanzia hapo.

Mto na Kalenda Yake

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini, takriban kilomita 1,000. Huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukazunguka kwa tao kubwa kuelekea mashariki, ukapita Garissa na Hola na Garsen, kisha ukafunguka kuwa delta pana kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari Hindi. Ukiacha ukanda wa mto, kaunti hii ni nyika kavu. Wastani ule wa watu wanane kwa kilomita mraba kwa hivyo ni udanganyifu wa hesabu: katika miezi ya kiangazi binadamu, ng'ombe na wanyamapori wote hukusanyika kwenye uzi mwembamba wa kijani kibichi.

Kwa kawaida mto hufurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli, mvua zinaponyesha katika nyanda za juu. Mafuriko hayo ndiyo yaliyokuwa mbolea. Maji yalipanda kingo, yakaacha tope jipya lenye rutuba, kisha yakashuka. Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi, walipanda mpunga, mahindi na ndizi katika unyevu huo, na miembe yao ilisimama kwenye kingo zilizoinuka. Waorma nao, pamoja na Wardei walio wafugaji vilevile, walikuwa nyikani msimu huo kwa kuwa mvua ile ile ilijaza mabwawa na kuotesha nyasi mbali na mto. Nyika ilipokauka, ng'ombe walirudi deltani. Kufikia wakati huo mkulima alikuwa amevuna. Mifugo ilikula mabua na kuacha samadi.

Ili ng'ombe wafike majini bila kupita katikati ya mashamba kulikuwa na malka. Huenda msomaji aliyelelewa na Kiswahili sanifu hajakutana na neno hili, ambalo wenyeji wa Tana hulitumia kila siku. Malka ni njia ya mifugo inayokata ukanda wa mashamba hadi kwenye kingo za mto, pamoja na mahali penyewe pa kunyweshea. Kila malka ilijulikana kwa jina na kwa jamii iliyoitumia. Hakuna mkulima aliyepanda ndani yake, na mfugaji ambaye ng'ombe wake walitoka nje ya njia wakala mahindi alilipa fidia iliyoamuliwa na wazee. Wapokomo walikuwa na baraza la wazee liitwalo Gasa, na Waorma walikuwa na lao, Matadeda. Wakati wa ukame mkali wazee wa upande mmoja walikwenda kwa wenzao kuomba ruhusa kabla ya makundi kuingia.

Tusiuremebeshe mpango huu kupita kiasi. Ugomvi ulikuwapo, mahindi yaliliwa, ng'ombe walikatwa kwa panga, na watu waliuawa mara kwa mara. Muhimu ni kwamba mpango wenyewe ulitegemea mambo matatu yaliyoshikana: mto kufurika kwa wakati wake, njia kubaki wazi, na wazee kuwa na neno la mwisho. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 yote matatu yalidhoofika.

Nani Anaubana Mto?

Tuanze na mto wenyewe. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa haya matano yamelipa taifa umeme kwa miongo mingi, na hakuna Mkenya mwenye swichi ukutani anayeweza kuyashutumu kwa moyo mkunjufu. Lakini bwawa hufanya kazi yake kwa kuyazuia maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo. Baada ya Masinga, ambalo ndilo hifadhi kubwa kuliko zote, mafuriko ya kawaida yalipungua kimo na idadi, na tope lililokuwa likirutubisha mashamba ya Wapokomo likaanza kutuama nyuma ya kuta za saruji. Mafuriko yaliyosalia ni yale makubwa mno yasiyozuilika, kama ya El Niño ya 1997 na 1998, ambayo hayarutubishi shamba bali hulizoa.

Vijito vinavyomimina maji katika Tana ndivyo vinavyoinywesha Nairobi pia. Hifadhi za Sasumua na Ndakaini, ambazo hutoa sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo, zimo katika bonde la juu la mto huu. Nairobi ilikuwa na watu 828,000 hivi mwaka 1979. Mwaka 2019 ilikuwa na 4,397,073. Tunapozungumzia shinikizo la idadi ya watu katika delta ya Tana, basi, inafaa tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya idadi hiyo haijapata kuikanyaga delta. Inakaa Kayole na Kilimani, ikioga na kuwasha taa. Huu ni ukweli ambao ramani ya msongamano wa watu haiwezi kuuonyesha, kwani huhesabu watu pale wanapolala, si pale wanapoutegemea udongo na maji.

Bondeni penyewe nako watu waliongezeka. Sensa ya 1999 ilipata watu 180,901 katika Tana River, na ya 2019 ikapata 315,943. Ongezeko la karibu robo tatu katika miaka 20. Wapokomo walipanua mashamba kufuata unyevu uliokuwa ukirudi nyuma, na mahali palipobaki na unyevu ni karibu zaidi na mto, yaani kwenye midomo ya malka. Wafugaji nao waliongezeka, wengine wakisukumwa kutoka kaskazini na mashariki na ukame, na na Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na baadaye na kusambaratika kwa Somalia mwaka 1991, tukio lililozifanya bunduki zipatikane kwa urahisi katika eneo zima.

Kisha ikaja miradi. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianzishwa katika mwongo wa 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa kazi ya mahabusi wa Mau Mau; jina la Hola halijasahaulika tangu mahabusi 11 walipopigwa hadi kufa Machi 3, 1959. Mradi huo ulisimama mwaka 1989 mto ulipobadili mkondo na kuziacha pampu zikiwa zimeelekea mchangani. Mradi wa Bura ulifuata, ukagharimu fedha nyingi na kuleta walowezi kutoka sehemu nyingine za nchi. Mradi wa mpunga katika delta, uliosimamiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, uliharibiwa na El Niño ile tuliyoitaja. Mwongo wa 2000 ukaleta mapendekezo ya mashamba makubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta. Baadhi hayakutekelezwa kamwe, lakini kila pendekezo lilipotangazwa lilifanya jambo moja: lilizifahamisha pande zote mbili kwamba ardhi ya delta ilikuwa karibu kugawanywa, na kwamba asiye na cheti angebaki mikono mitupu.

Mathenge pia hauna budi kutajwa. Mti huu wa miiba kutoka Amerika ulipandwa Bura na kwingineko katika mwongo wa 1980 kwa nia njema ya kuzuia upepo na kupata kuni. Ukaenea hata ukayafunika malisho na njia zenyewe. Wafugaji wa Baringo, walioupokea wakati mmoja na wenzao wa Tana, walifika mahakamani kulalamika kwamba maganda yake matamu yanawang'oa mbuzi wao meno.

Kutoka Malka hadi Mapanga

Hadi katiba ya 2010 ilipopitishwa, sehemu kubwa ya Tana River ilikuwa ardhi ya udhamini iliyoshikiliwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji. Mwaka 2000 serikali ilianza mchakato wa kupima ardhi ya ukanda wa mto ili watu wapewe hatimiliki. Kwa mtazamo wa Nairobi hilo lilikuwa jambo la maendeleo: mkulima mwenye hati hulitunza shamba lake na huweza kupata mkopo. Kwa Mpokomo lilikuwa ahadi ya kulindwa hatimaye. Kwa Mworma lilikuwa tangazo la kifo, kwani shamba lenye hati halina malka, na kundi la ng'ombe lisilofika majini siku tatu za kiangazi haliwi kundi tena. Mapigano yaliyozuka mwaka 2001 yaliwaua watu wengi na upimaji ukasitishwa. Ulisitishwa bila swali lenyewe kujibiwa.

Liliachwa likachacha kwa miaka 11. Agosti 22, 2012, washambuliaji wa Kipokomo waliingia alfajiri katika kijiji cha Waorma cha Riketa wakaua takriban watu 50, wengi wao wanawake na watoto, kwa mapanga, mikuki na moto. Septemba 7 Waorma walishambulia Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi nao waliuawa. Desemba 21 ikawa Kipao. Katika mwezi ule ule wa Septemba delta ya Mto Tana iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na habari hizo mbili zilihusu mahali pamoja ingawa haikuonekana hivyo.

Kwa nini mwaka huo, na si mwaka wa ukame mkali uliotangulia? Jibu haliko angani tu. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa wa kwanza chini ya ugatuzi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kiti cha ugavana, bajeti ya kaunti na bunge lake, na aliyeshinda angekuwa na sauti kubwa katika mambo ya ardhi. Katika kaunti yenye jamii kuu chache zinazokaribiana kwa ukubwa, kila mtu mzima ni kura inayohesabika, na kila familia iliyokimbia kijiji chake ni kura iliyofutwa. Hapa ndipo idadi ya watu inapoingia katika usalama kwa mlango ambao Malthus hakuutaja. Watu hawakuogopa kwamba wamekuwa wengi mno wasiweze kula. Waliogopa kwamba wenzao wamekuwa wengi mno wasiweze kushindwa. Rais Mwai Kibaki aliteua tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka, polisi wengi wakapelekwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa.

Usalama wa aina hiyo una historia ndefu huko. Wilaya ya Tana River ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa katika sheria ya 1970 iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa Vita vya Shifta. Kizazi kizima kiliijua serikali kwa sare na bunduki kabla ya kuijua kwa shule au kisima. Kijana aliyekulia hivyo, anapoambiwa kwamba mahakama ya Garsen au Hola ndiyo itakayoamua mpaka wa shamba, ana sababu za kutoamini.

Mbona Si Kila Ukame Huzaa Vita?

Mifano miwili ya Kenya hii hii inatuzuia tusiseme kwamba mambo haya hayaepukiki. Wa kwanza ni Marsabit. Watafiti Karen Witsenburg na Wario Adano walichunguza rekodi za mashambulizi ya wizi wa mifugo huko na kupata jambo lililowashangaza wengi: mashambulizi makali yalitokea zaidi katika miaka na miezi ya mvua kuliko ya ukame. Katika ukame wafugaji walilazimika kutumia visima vya wenzao, hivyo walitulia na kufuata mapatano. Mvua iliponyesha, nyasi zilikua ndefu za kujifichia, ng'ombe walinenepa wakaweza kutembezwa mbali, na hakuna aliyemhitaji jirani. Dhiki iliwaunganisha, kwa kuwa kanuni za kisima zilikuwa hai.

Wa pili ni Machakos. Katika mwongo wa 1930 maafisa wa kikoloni waliieleza wilaya hiyo kuwa nchi inayokufa: vilima vilivyochunwa ngozi, makorongo mekundu, watu na mifugo waliozidi kiasi. Wakati huo ilikuwa na watu takriban 240,000. Kufikia 1990 ilikuwa na takriban milioni 1.4. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994, walionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua na mazao kwa kila ekari yameongezeka, licha ya watu kuwa zaidi ya mara tano. Wakamba walichimba matuta, wakapanda miti, wakafungia mbolea zizini, kwa nguvu za vikundi vya mwethya na kwa fedha zilizotumwa na jamaa waliofanya kazi mijini. Wingi wa watu uliiletea ardhi mikono. Machakos, hata hivyo, ilikuwa na faida ambayo Tana haina: iko karibu na soko la Nairobi, na wakulima wake walijua kwamba tuta watakalolichimba litabaki lao. Wakosoaji wameeleza kwamba si kila familia iliyonufaika kwa kiasi kimoja, na nadhani wana haki. Hilo halibatilishi hoja ya msingi.

Msamiati wa Mgogoro

Wanaisimu watauliza lugha inahusu nini hapa. Inahusu mengi. Chukua neno "kuhamahama". Uradidi wa kitenzi katika Kiswahili huashiria tendo linalorudiwarudiwa, na mara nyingi bila lengo: kutangatanga, kuyumbayumba, kuzungukazunguka. Tunapowaita Waorma "wafugaji wa kuhamahama", kama vitabu vya shule na taarifa za habari zinavyofanya, tunawaambia watunga sera kwamba hawa ni watu wasio na kwao. Mtu asiye na kwao hadai ardhi. Ilhali mwendo wa mfugaji kutoka nyikani hadi malka na kurudi hufuata kalenda thabiti kuliko ya bunge. Vivyo hivyo "uvamizi" limekuwa jina la ng'ombe kuingia shambani, hata pale ambapo shamba ndilo lililoingia katika njia ya ng'ombe. Upande wa pili haujasalimika: mkulima aliyezibiwa mafuriko na bwawa akasogea mtoni huitwa "mnyakuzi", neno ambalo Wakenya walilibuni kwa vigogo waliojitwalia ardhi ya umma.

Wapokomo na Waorma hawaelewani kwa lugha zao za kwanza. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili; vyote viwili vimo katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kiilwana na lugha za Komoro. Kiorma ni tawi la Kioromo, katika familia ya Kikushi. Wanapokutana kuzungumzia maji huzungumza Kiswahili, lugha ile ile iliyohifadhi methali tuliyoanza nayo. Na lahani ya wimbo wa taifa, ambao kila mwanafunzi wa Kenya huuimba akiwa amesimama wima, ilitokana na bembelezi ya akina mama wa Kipokomo wa kingo za mto huu.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016. Inaziruhusu jamii kusajili ardhi kwa pamoja, na kwa hivyo, kwa mara ya kwanza, malka inaweza kuandikwa katika ramani ya serikali kama haki badala ya kuachwa kama pengo baina ya mashamba. Kabla yake, mwaka 2015, ulizinduliwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ulioandaliwa kwa kuwashirikisha wakulima na wafugaji, na ndani yake njia za mifugo zimetengwa. Utekelezaji umekwenda polepole, na mto haungoji. Misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 iliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini. Kisha mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yakawang'oa maelfu ya watu katika bonde hilo hilo. Juu ya mto kungali na mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, unaotajwa kuwa utalipita Masinga kwa ukubwa. Nyaraka za miradi kama huo huandikwa kwa Kiingereza, katika kurasa mamia. Mzee wa Gasa au wa Matadeda anayeitwa kwenye kikao cha kutoa maoni ya umma hupewa muhtasari wa dakika chache na mkalimani ambaye mara nyingi hajui malka ni nini.